Shaba Yetu katika Viwanja vya Brussels

Dilolo, mpakani mwa Kongo na Angola, ni mji uliozoea kuona mali ikipita. Tangu mwaka 1931, reli itokayo bandari ya Lobito, mwendo wa kilomita 1,344 kuikata Angola, ilipounganishwa na reli ya Katanga, shaba ya Kolwezi na Likasi ilikuwa ikivuka mpaka hapo kuelekea baharini. Vita vya Angola vikaifunga njia mwaka 1975, mji ukanyamaza kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa mabehewa yameanza kupita tena. Kwa hiyo si ajabu kwamba mwenyeji wa Dilolo anayejaliwa kufika Ubelgiji, awe amekwenda kwa masomo au kumzuru ndugu, huwa na swali moja moyoni ambalo mtalii wa kawaida hana, nalo ni kutaka kujua ile shaba ilikwenda kufanya nini. Sehemu kubwa ya jawabu imo Brussels, na mtu mwenye viatu vya kuaminika aweza kuiona kwa siku moja, tangu asubuhi hata magharibi, bila kupanda tramu.

Na aanzie uwanja wa Trône, ubavuni mwa kasri ya mfalme, ilipo sanamu ya Leopold wa Pili juu ya farasi, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte iliyozinduliwa mwaka 1926. Ndevu za mfalme ni ndefu, mkao wake ni wa taadhima, na madini yenyewe yameota kutu ya kijani kama ilivyo ada ya shaba iliyonyeshewa miaka mingi. Wageni aghalabu hupiga picha wakaenda zao. Lakini mwenye kuinama akasoma maandishi ya msingini ataona imeelezwa kwa Kifaransa kwamba shaba na bati ya sanamu hiyo zilitoka Kongo ya Kibelgiji, na kwamba zilitolewa bila malipo na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga.

Kampuni hiyo iliasisiwa Oktoba 1906, zama ambazo Leopold alikuwa angali akiimiliki Kongo kama mtu amilikivyo shamba lake, naye hakuwahi kuikanyaga hata siku moja. Ikayeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911, na mwaka 1937 ikauasisi mji wa Kolwezi uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Waliotoa jasho ni vijana walioandikishwa kazi katika vijiji vya Katanga na Kasai, na baadaye hata Rwanda na Burundi, ambao msingi wa sanamu hauwataji. Fauka ya hayo, kabla ya kampuni na kabla ya mfalme, watu wa nchi ile waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakaimimina shaba katika kalibu za umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilikuwa mahari na fedha ya biashara iliyofika mbali. Msiri, ambaye baba yake alitoka Unyamwezi, aliitawala biashara hiyo kutoka Bunkeya mpaka alipopigwa risasi na afisa wa Leopold tarehe 20 Desemba 1891. Kwa ajili ya insafu niseme kwamba shaba ya farasi huyu haikupita Dilolo, maana mwaka 1926 reli ya Lobito ilikuwa haijafika. Fakhari hiyo, kama ni fakhari, si yetu.

Hatua chache kutoka hapo ni bustani ya Meeûs, ambako hadi mwaka 2022 palikuwa na sanamu ya Jenerali Émile Storms. Msomaji wa Tanzania huenda asilijue jina hilo, ingawa mtu huyu alikuwa mkuu wa kituo cha Karema, pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, kabla ya kujenga ngome ya Mpala ng'ambo ya pili mwaka 1883. Desemba 1884 watu wake walimwua mtemi Lusinga, wakamkata kichwa, na Storms akalichukua fuvu mpaka Ubelgiji. Likaishia katika taasisi ya sayansi za maumbile, ambayo makumbusho yake mtembeaji huyapita njiani, karibu na bunge la Ulaya, pakiwa pamejaa watoto wa shule waliokuja kutazama mifupa ya mijusi mikubwa ya kale iliyofukuliwa Bernissart.

Mbele zaidi ni bustani ya Cinquantenaire, penye lango la matao matatu ambalo Leopold alilimaliza mwaka 1905 kwa mapato ya Kongo, yakipitia mikononi mwa matajiri waliojifanya wafadhili. Mwaka huohuo mfanyabiashara wa pembe na watumwa Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alifariki Unguja. Nawataja pamoja kwa sababu katika bustani hiyo umo mnara wa kuwasifu Wabelgiji wa kwanza wa Kongo, nao ni kazi ya Vinçotte, wa mwaka 1921, na mawe yake yanaonyesha askari wa Kibelgiji akipambana na Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa. Katika maandishi ya Kifaransa neno la Mwarabu limefutwa kwa patasi baada ya malalamiko, na msikiti mkuu wa mji, uliofunguliwa mwaka 1978, uko hatua chache tu. Utumwa wa Nyangwe na Kasongo haukuwa uzushi, na mto Lualaba uliushuhudia; lakini vita vya 1892 hadi 1894 kati ya majeshi ya Leopold na Waarabu hao vilikuwa pia vya pembe za ndovu, na mshindi alizichukua, kisha akaleta mpira na mikono iliyokatwa. Patasi haigusi hilo wala lile.

Kurudi, afuate barabara ya Wavre hadi mtaa wa Matonge, ambako bukari na sombe hupatikana, na mwenye duka, aghalabu mtu wa Kinshasa, atamjibu kwa Kilingala. Mwisho wa mtaa, Porte de Namur, ni uwanja mdogo uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Januari 1960 Lumumba alitolewa gereza la Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akaletwa Brussels kwa ndege kuhudhuria mkutano wa uhuru, ambao Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba ya Walunda, alikuwa mjumbe wake pia. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa katika Katanga ya Tshombe, iliyokuwa imejitenga. Ubelgiji ilirudisha jino lake, lililobaki la mwili wake, Juni 2022.

Kutoka uwanja huo hadi kwa yule farasi hazifiki dakika kumi kwa miguu. Mwaka 2022 jopo lililoundwa na serikali ya jimbo la Brussels lilitoa ripoti juu ya alama za ukoloni, na miongoni mwa yaliyopendekezwa ni kwamba sanamu ya Trône huenda ikayeyushwa, na madini yake yakafanywa ukumbusho wa waliodhulumiwa. Watu wa Kolwezi wanajua kuyeyusha shaba kuliko jopo lolote, na rai yangu ni kwamba waulizwe. Amma yale maandishi ya msingini yaachwe yalivyo, kwani katika sanamu nzima ni hayo peke yake yanayotaja mahali mali ilikotoka.