Kona Nyuma ya Mlango

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 16 Januari 2022, Soko la Karume liliungua. Sisi tunaokaa Mchikichini hatukuhitaji kusubiri taarifa ya habari. Moshi uliingia madirishani, watu wakatoka na nguo za kulalia wakikimbilia vibanda vyao, na wengi walifika kwa wakati wa kutazama tu. Maelfu ya wafanyabiashara, wengi wao wa mitumba, walipoteza mali zao. Meza ya mama yangu mdogo ilikuwa mojawapo. Nguo za belo alilolifungua Ijumaa ziliteketea zote. Deni la vikoba ndilo halikuungua.

Kesho yake, Jumatatu, shule zilifunguliwa nchi nzima.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya msingi ya mjini, darasa la tatu, watoto zaidi ya tisini. Kabla ya mapumziko ya saa nne, kijana mmoja alimpiga mwenzake ngumi ya mdomo kwa ajili ya ufutio. Nilimwita mbele. Kwenye kona nyuma ya mlango kulikuwa na fimbo. Sikuileta mimi, niliikuta. Nikamwambia anyooshe mkono. Alipofungua kiganja niliona masizi yamejaa kwenye mistari ya mkono wake. Niliyaona, na bado nikampiga mara mbili. Hakulia. Alirudi kwenye dawati lake, akajibana katikati ya wenzake watatu, akalaza kichwa.

Kengele ilipolia ndipo nikaelewa masizi yale yametoka wapi. Jana yake alikuwa anafukua majivu pamoja na mama yake, wakitafuta chochote kilichosalia.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya elimu, na mada niliyoichagua ni kona nyingine kabisa: kona ya utulivu. Ni sehemu ndogo ndani ya darasa ambako mtoto aliyezidiwa na hasira, hofu au huzuni huenda kwa dakika chache kujituliza, kisha akarudi kwenye somo. Kila ninapoisoma mada hii narudi kwenye ile kona nyuma ya mlango. Nilitaka kujua fimbo ile iliingiaje darasani kwetu, na imekaaje muda mrefu hivyo.

Historia ya fimbo nchini kwetu, ukiifuata kwenye maandishi ya serikali, ni historia ya hesabu. Wajerumani walileta utawala wa kiboko, uliopewa jina la mjeledi wa ngozi ya mnyama yule. Amri yao ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na wazee wakaikumbuka kwa jina la "hamsa ishirini". Kiboko kilikuwa cha mahakama, cha mashamba na cha njia za wapagazi. Hata jina la Kariakoo, jirani zetu, linatokana na wapagazi: ni kikosi cha Waingereza cha kubeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, kilichotamkwa kwa ulimi wetu.

Wakoloni waliondoka, hesabu ikabaki. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa waziri mamlaka ya kutunga kanuni za adhabu ya viboko shuleni, na kanuni zikatoka mwaka uliofuata. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne. Zinamtaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, ndiye atoe adhabu hiyo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Nilizisoma kanuni hizo maktaba, mwaka mzima baada ya Jumatatu ile. Mimi sikuwa na ruhusa ya maandishi na sikuandika popote. Viboko vyangu viwili, vichache kuliko vinne, vilikuwa nje ya kanuni.

Lakini kanuni peke yake haielezi kwa nini mkono wangu ulikwenda haraka vile. Mkono ulikuwa umefundishwa. Nilipokuwa mtoto nilipigwa na walimu, nikapigwa nyumbani kwa kupigwa na walimu, na methali ilikuwepo tayari kunifariji: mcha mwana kulia, hulia yeye. Sikuwa peke yangu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana.

Hata maneno yetu yamebeba hali hiyo. Tuna "kutuliza" na tuna "utulivu", maneno laini kabisa. Darasani, neno hilohilo ni amri: "Tulieni!" Huwa linatamkwa na mtu mwenye fimbo mkononi, na maana yake ni kunyamaza. Mtoto anaweza kunyamaza huku ndani anawaka moto. Yule kijana wangu alinyamaza vizuri sana.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Kenya ilifuta adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Uganda, shirika la Raising Voices lilitengeneza mpango wa shule nzima, kuanzia walimu na wanafunzi mpaka uongozi, na mpango huo ukapimwa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika shule ambazo hazikuupata mpango, karibu asilimia 49 ya wanafunzi walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyopita. Katika shule zilizoupata, ilikuwa asilimia 31. Bado ni wengi mno, lakini tofauti hiyo ni ya maelfu ya viganja. Hapa kwetu, Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, pale Chang'ombe, pamoja na wenzake, walipima mafunzo mafupi kwa walimu wa sekondari na kukuta matumizi ya ukatili yanapungua. Baadhi ya wenzake hao wanatoka vyuo vya Ujerumani. Nilitabasamu niliposoma hilo. Kumbe meli inaweza kurudi na mzigo mwingine.

Kona ya utulivu yenyewe ina historia yenye kona. Katika miaka ya 1960, wanasaikolojia wa Marekani walieneza mbinu ya kumtoa mtoto kwenye shughuli kwa muda mfupi ili akose anachokifurahia. Ilikuwa afadhali kuliko kipigo, ila mtoto aliwekwa pembeni kama adhabu. Baadaye waelimishaji kama Jane Nelsen, aliyetoa kitabu chake cha nidhamu chanya mwaka 1981, waliigeuza: mtoto aende mwenyewe, mahali alipopaandaa yeye na wenzake, kwa lengo la kupoa. Hoja yao ni nyepesi. Mtu aliyepandwa na hasira hawezi kufundishika kwa dakika hizo, awe na miaka minane au arobaini. Wahenga walisema kwa maneno mawili: hasira hasara.

Vitabu hivyo vinaelekeza zulia, mito, taa hafifu na mwanasesere wa kukumbatia. Darasa lao lina watoto ishirini. Letu lilikuwa na kona moja tu isiyo na dawati, na ilikuwa ya fimbo.

Nikaanza na hiyo. Mwezi Machi nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikaihamishia fimbo ofisini. Nilitandika kipande cha mkeka. Mama mdogo, aliyekuwa ameanza upya na nguo chache za kukopa, alinishonea mto kutokana na suruali ya jinzi isiyouzika, akaujaza vipande vya vitambaa. Nilichora nyuso tano kwenye karatasi ya manila: furaha, huzuni, hasira, hofu, aibu. Niliweka chupa ya plastiki yenye maji na mchanga. Ukiitikisa, unasubiri mchanga utue. Huo ndio muda wako.

Mambo ya lazima niliyajifunza kwa kukosea. La kwanza, kona lazima ifundishwe kwa darasa zima siku ambayo hakuna aliyekasirika. Tulifanya zoezi la kuvuta pumzi kwa kuhesabu mpaka nne na kuitoa kwa kuhesabu mpaka nne. La pili, mwalimu lazima aione kona kutoka ubaoni. La tatu, isitumike kamwe kama adhabu. Wiki ya kwanza nilimwambia mtoto mmoja kwa ukali, "Nenda kwenye kona!" na siku tatu nzima hakuna aliyeisogelea. La nne, walikuwepo waliokwenda kukwepa hisabati. Mwalimu mmoja mtu mzima alinicheka: "Mwanangu, umewafungulia hoteli." Sikumbishia. Ila niliona kwamba baada ya kama wiki mbili hoteli ilikosa wateja, kwa sababu mchanga hutua haraka na hisabati hukusubiri palepale.

Sitadai kwamba mkeka mmoja ulibadilisha shule. Ngumi hazikuisha. Watoto tisini kwa mwalimu mmoja ni tatizo la madarasa na ajira, na mto wa jinzi haulitatui. Mtoto aliyekuja shuleni bila kula anahitaji uji kuliko kuhesabu pumzi. Nilichokiona ni kidogo zaidi: watoto walianza kutumia majina. Badala ya "mwalimu, huyu!" nilisikia "mwalimu, nina hofu."

Yule kijana hakwenda kwenye kona mpaka mwezi Mei. Siku hiyo nilimwona anasimama bila kuomba ruhusa, anaketi, anatikisa chupa. Baada ya vipindi nilimwita, nikamwomba msamaha kwa ile Jumatatu. Kumwomba mtoto wa miaka tisa msamaha si jambo nililowahi kuona mwalimu akilifanya, na sauti yangu haikukaa sawa. Aliniangalia kwa muda, akasema kama mtu mzima, "Haina shida, mwalimu." Kisha akauliza, "Na wewe huwa unakaa pale?"

Nilimwambia bado.

Fimbo ipo mpaka leo, kwenye ofisi ya walimu. Niliipita mara nyingi nikiwa na hasira, mikono yangu imejaa madaftari.