Tetesi za Gari la Silinda Nane Kando ya Mto Tana

Msimu wa maembe uwadiapo Kinakomba, malori huiacha barabara kuu ya Garissa na Garsen yakashuka hadi karibu na ukingo wa Mto Tana, na vijana wapakiao, wakisubiri zamu zao, hukaa kivulini mwa mwembe na simu zao mkononi. Na alasiri moja niliyojaliwa kupita hapo, mazungumzo yao hayakuwa bei ya embe wala maji ya mto, bali Mustang mpya ya Ford inayosemwa kwamba yaja, yenye injini ya silinda nane na nguvu za farasi zilizozidi kuongezeka kila msemaji alipobadilika. Wa kwanza aliapa ni mia nane, wa pili akazipandisha hadi elfu moja, na mzee mmoja aliyekuwa kando yetu akisokota kamba akacheka, akasema, “Wajukuu zangu, habari hiyo niliisikia kabla baba zenu hawajazaliwa.”

Alisema kweli mzee yule, nami nitaieleza habari yenyewe kwa urefu, kwa kuwa wengi waisimuliao siku hizi hudhani ya kuwa uvumi wa magari ya nguvu ulizaliwa pamoja na simu.

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakiitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ya kwanza ilipita katika nchi tatu zilizokuwa chini ya bendera moja. Hata ilipofika Pasaka ya mwaka 1964 bendera hiyo ilikuwa imekwisha kushushwa: Kenya ilikuwa na uhuru wa miezi mitatu na ushei, na wimbo wake wa taifa (sisi watu wa mtoni hatuachi kulikumbusha hili) ulikuwa umechukua sauti yake katika bembelezi ya Wapokomo. Ikawa basi Pasaka hiyo ndiyo ya kwanza ya Safari tangu Kenya ijitawale, na ndiyo iliyoletewa wageni wa ajabu kutoka Marekani.

Wageni hao walikuwa magari sita ya Mercury Comet, yaliyotayarishwa na fundi mashuhuri wa mbio, Bill Stroppe, na sifa zao zilitangulia kufika kabla ya magurudumu yao kugusa ardhi ya Afrika. Mwishoni mwa mwaka 1963, katika uwanja wa mbio wa Daytona, huko Florida, magari ya Comet yalikuwa yameendeshwa usiku na mchana hadi kutimiza maili 100,000 kila moja, kwa mwendo wa wastani uliozidi maili 105 kwa saa. Na tumboni mwao mlikuwa na injini ya silinda nane ya lita 4.7, ilhali Ford Cortina GT, walizotaraji kushindana nazo, zilikuwa na lita moja na nusu tu. Mtu asikiaye hesabu hizo, naye hajapata kuiona masika ya Afrika Mashariki, atahukumu mara moja ya kuwa mashindano yamekwisha kabla hayajaanza. Mzee wa Kinakomba anasema ndivyo walivyohukumu madereva wa malori walioileta habari hiyo hadi kwenye pantoni ya Garsen, na kwamba kila aliyevuka mto aliivusha nayo ikiwa imenenepa kidogo.

Wenye hadhari, hata hivyo, walikuwa na la kukumbuka, kwani mwaka mmoja kabla ya Pasaka hiyo mvua iliyafanya magari saba tu yamalize kati ya 84 yaliyoanza, na mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari ambalo nchi nzima ililijua kwa kubeba abiria na mizigo yao. Mwaka 1964 yalianza magari 94 yakamaliza 21. Ushindi uliwaendea Peter Hughes na Billy Young katika Cortina ile ile ya lita moja na nusu, na katika Comet sita zilizokuja na sifa za Daytona, mbili tu ndizo zilizorudi Nairobi, tena miongoni mwa za mwisho kabisa.

Mmoja wa walioziendesha Comet hizo alikuwa Joginder Singh, fundi Mkenya mwenye asili ya Kihindi, na kwangu mimi hapa ndipo kisa chote kinapokolea. Kwani mwaka uliofuata, 1965, mtu yule yule alirejea, akiwa na nduguye Jaswant, katika Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika, gari la umbo la kobe lisilo na uvumi wowote nyuma yake, naye akaanza wa kwanza, akamaliza wa kwanza, akimwacha aliyemfuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Sidhani kwamba udereva wake ulizidi kwa mwaka mmoja. Nadhani alipata gari lililokubaliana na udongo.

Na udongo ndio tuujuao sisi. Ule mweusi wa bondeni mwa Tana, ukikauka hupasuka hata mguu wa mbuzi uzame, na ukinywa maji hushika gurudumu kama ulimbo, wala haujali farasi mia tatu wala elfu; mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yalipoikata barabara ya Garissa na Garsen, mitumbwi ndiyo iliyokuwa ikiwavusha watu.

Kuna tetesi nyingine ambayo siipiti bila kuitaja, ingawa haikuwa ya silinda nane. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na kwa miaka minne nchi iliishi kwa fununu, hata mwaka 1990 yakaonyeshwa magari matano ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer, yenye uwezo wa kwenda kilomita 120 kwa saa. Shirika la kuyatengeneza kwa wingi likaundwa, fedha zikakosekana, na hapana aliyepata kulinunua moja.

Ama Mustang ya vijana wetu, ina nafasi iliyo bora kuliko magari mengine ya Marekani ya aina yake, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kusajili gari la usukani wa kushoto, wala kuingiza lililozidi umri wa miaka minane, na Mustang ndiyo iliyoanza, tangu toleo la 2015, kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Dodge Challenger, hadi ilipokoma kuundwa mwaka 2023, haikupata kufanyiwa hivyo. Lakini tangu hapo hadi Kinakomba ni mbali. Huku kwetu neno V8, yaani silinda nane, lina maana moja tu, nayo ni Land Cruiser ya mheshimiwa, ipitayo na vumbi lake wakati wa kampeni.

Nililisema hilo pale mwembeni, wakanisikiliza kwa adabu. Kisha mzee akaacha kamba yake, akauliza: “Na tumbo la hilo gari lenu, liko juu ya ardhi kiasi gani?” Wakapekua simu, mmoja baada ya mwingine, wakaona mwendo, wakaona bei kwa dola, wakaona rangi zake, tumbo hawakuliona. Hapo dereva wa lori akapiga honi, gurudumu la nyuma likiwa limezama nusu katika mchanga wa ukingoni na maembe yamejaa hadi juu, sote tukainuka kwenda kusukuma.

“Elfu moja,” alisema yule wa pili, bega lake likiwa kwenye bodi.