Usiku wa Idhini: Santuri, Klabu na MaDJ wa Dagoretti

Usiku wa Nairobi husifiwa na wageni kana kwamba ulijiumba wenyewe. Lakini mtu aliyeishi upande wa magharibi wa mji, katika nchi ya Dagoretti inayoanzia kwenye maghorofa ya Kilimani na Kileleshwa, ikapita Kawangware na Riruta, ikaishia kwenye mashamba ya Waithaka na Mutuini, anajua kwamba kukesha kwa ngoma hapa ni jambo la kuombewa idhini, na kwamba mwenye kuitoa idhini hiyo amebadilika mara nyingi, ilhali mtu wa kwanza kukosa riziki inapofutwa amekuwa yule yule aliyesimama nyuma ya ala, awe mpiga gitaa au awe mcheza santuri. Huyu wa pili, ambaye siku hizi tunamwita DJ, ndiye ninayetaka kumweleza, kwa sababu amewaburudisha watu wa mji huu kizazi baada ya kizazi na aghalabu hutajwa anapopatwa na msiba tu.

Kabla ya mipaka ya jiji kupanuliwa wakati wa uhuru na kuitia Dagoretti ndani ya Nairobi, sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa katika Kiambu, na ngoma zake zilikuwa ngoma za Wakikuyu. Mwaka 1929, ugomvi ulipozuka baina ya wamisheni na wenyeji juu ya tohara ya wasichana, vijana walizusha Muthirigu, ngoma iliyowasuta wamisheni, machifu na serikali hadharani. Mwanzoni mwa 1930 serikali ikaiharimisha. Katika miaka ya arobaini ikashamiri ngoma ya mwomboko, mwanamume na mwanamke wakishikana, hatua mbili na kuinama, kwa kodiani na pete ya chuma igongwayo kwa kijiti cha chuma. Na ndani yake mna athari ya dansi za Kizungu, ambazo Waafrika walizitazama kwa mbali wakazichukua na kuzifanya zao. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ikaufunga usiku wa vijiji hivi hata mwaka 1960, na mtu aliyeonekana njiani baada ya magharibi hakuulizwa kama anatoka ngomani au msituni kwa wapiganaji.

Santuri ilikuwa imekwisha kuingia zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari hadi Bombay akaimba mbele ya vyombo vya kampuni ya HMV, na sahani zile nyeusi zikasambaa pwani nzima na bara, zikazungushwa kwenye mahoteli ya chai na nyumba za watu wenye uwezo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Nairobi yenyewe ikawa makao ya kurekodi na kuuza santuri za Afrika Mashariki. Aliyekizungusha kinanda cha santuri hakuwa na jina wala ujira wa kazi hiyo. Alikuwa mwenye duka, au mtumishi wa hoteli aliyeaminiwa kwamba hataikwaruza sahani kwa sindano.

Uhuru ulipofika, usiku ukawa wa bendi. Karibu na Hoteli ya Panafric, mahali ambapo mtu wa Dagoretti hupapita akishuka mjini kwa Ngong Road, palikuwa na Starlight, klabu iliyowaleta pamoja wakubwa wa serikali na vijana waliojua kuvaa. Slim Ali na Hodi Boys wake walikuja kutoka Mombasa na muziki wa soul ulioimbwa kwa ufundi wa watu wa bandari. Miaka ya sabini ikaleta wimbi kutoka Kongo na Tanzania: Baba Gaston, kisha Les Mangelepa waliojitenga naye mwaka 1976, Super Mazembe, ndugu wawili waliotokea Tanga, Wilson na George Kinyonga, na Simba Wanyika yao, ambamo mwaka 1978 wakatoka Les Wanyika, waliopiga miaka mingi Garden Square, na Samba Mapangala, aliyeiunda Orchestra Virunga hapa Nairobi mwaka 1981. Katika kumbi hizo DJ alikuwa mtu wa kujaza pengo: wanamuziki wakishuka kunywa maji, yeye huweka sahani mbili tatu ili watu wasiondoke, na wakipanda tena jukwaani husahauliwa pale pale alipokaa.

Kilichomtoa pembeni kilikuwa hesabu ya mwenye klabu. Bendi ya rumba haikuwa na watu chini ya kumi, nao walihitaji posho, usafiri, sare, na wengine vibali vya kufanya kazi nchini ambavyo Idara ya Uhamiaji iliweza kuvikataa wakati wowote. DJ alikuja peke yake na makasha ya santuri, akapiga tangu jioni hata alfajiri bila kupumzika, na akaweza kumleta ukumbini mwimbaji yeyote wa Marekani, Jamaika au Kinshasa kwa bei ya sahani moja. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, lililotangazwa hewani kutoka redio ya Sauti ya Kenya na kufuatwa na amri ya kutotoka nje, liliufupisha usiku na kuzikausha kumbi, na bendi zilizokuwa zikiishi kwa viingilio vya mlangoni ziliumia kuliko wengine. Disko ikachukua nafasi: Hallian's katika mtaa wa Tom Mboya; Visions pale Kimathi House; Bubbles kwenye International Casino; Florida ya Koinange Street, iliyokaa juu ya kituo cha petroli kwa umbo la chombo cha kurukia angani, ambayo leo haipo tena; na Carnivore ya Langata Road, iliyofunguliwa mwaka 1980 kwa ajili ya nyama na baadaye ikajulikana kwa dansi pia. Wanafunzi walifunguliwa mchana, kwa ile iliyoitwa jam session, wakanywa soda wakacheza hata jua likazama, kisha wakarudi makwao Woodley au Riruta kwa basi, jasho halijakauka.

Sioni haki kumlaumu DJ kwa kuanguka kwa bendi, kama wafanyavyo baadhi ya wanamuziki wakongwe, kwa maana yeye mwenyewe aliletwa kwa sababu alikuwa rahisi, na hukumu hiyo ya urahisi haijamtoka hata leo.

Ustadi wake ulizaliwa ng'ambo. Chapa ya Kijapani ya Technics ilitoa mwaka 1972 kinanda cha SL-1200, ambacho mota yake huizungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, hata mkono ukaweza kuishika, kuirudisha nyuma na kuiachia isipoteze mwendo. Na tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx huko New York, Mjamaika aitwaye Kool Herc akatumia vinanda viwili kurefusha kile kipande cha wimbo ambacho wachezaji hukipenda zaidi. Nairobi iliyapata maarifa hayo kwa kanda za video na kwa jamaa waliorejea safarini. Katika miaka ya tisini ndugu wa ukoo wa Rabar, Myke na John, wakaanzisha Homeboyz, waliofanya kazi ya disko kuwa kampuni, na baadaye wakafungua chuo cha kuwafundisha wengine. DJ Pinye akaleta sanaa hii kwenye televisheni kwa kipindi cha The Beat. Capital FM ilipoanza mwaka 1996, klabu na redio zikaanza kukopeshana watu. Na Ogopa, walioanza kama maDJ, wakageuka watayarishaji wa nyimbo, wakamtoa E-Sir na wenzake, hata nyimbo za Kiswahili na Sheng zikapata mahali katikati ya usiku ambapo hapo kabla palikuwa zaidi pa nyimbo za kigeni. Tanzania nako Joseph Kusaga aliianza kazi kwa disko la Clouds, akaishia na kituo cha redio cha jina hilo. Mtu akitaka kuziona santuri zenyewe, aende Kenyatta Market, pembeni ya Ngong Road, katikati ya wasusi wa nywele na majiko ya nyama choma, ambako James Rugami, naye zamani akipiga muziki kwenye sherehe, amekaa tangu 1989 akiuza sahani kuukuu, na atakubali kuziweka kwenye kinanda moja baada ya moja mpaka mteja aridhike.

Kazi ya usiku mmoja nimeitazama kwa karibu katika klabu moja ya Ngong Road. Kijana aliingia saa kumi na mbili, wakati jiko la nyama lilipokuwa likiwashwa na mbavu za mbuzi kutoka machinjio ya Dagoretti zikipimwa kwenye mizani; akachomeka waya zake mmoja mmoja, akausikiliza mmoja uliokuwa ukikoroma, akaukunja na kuufunga kwa utepe. Saa mbili alikuwa na zilizopendwa, taratibu, kwa ajili ya wazee waliokuja na wake zao. Saa nne akaingiza mugithi, na watu wakashikana mabega wakaunda treni iliyoipita kaunta. Baada ya saa sita zikafuata dancehall, gengetone iliyotamba tangu 2018, Arbantone na amapiano. Wakati wote hedifoni ilikuwa kwenye sikio moja tu: sikio la kulia liliusikiliza wimbo unaokuja, la kushoto ule unaochezwa, na kidole chake kiliurekebisha mwendo mpaka pigo likaangukia pigo, kisha akahesabu nane, akafungua. Macho yake hayakuwa kwenye kompyuta. Aliangalia miguu ya watu na sinia za wahudumu, kwa kuwa meneja hataki wateja wacheze saa tatu mfululizo pasipo kuagiza. Ilimpasa awachoshe, awakalishe, awape nafasi ya kunywa, kisha awainue tena, na katika hayo yote mteja mlevi anamnyooshea simu yenye jina la wimbo wa mpenzi wake. Saa kumi alfajiri alizifunga waya, akakaa kumngoja meneja, na meneja alipotokea akamwambia mauzo hayakuwa mazuri, kwa hiyo fedha zilizobaki zitatumwa kwa M-Pesa Jumatatu.

Chini, Kawangware, kazi ni ile ile lakini njia zake ni nyingine. Huko DJ chipukizi hutengeneza mseto wa nyimbo, jina lake likitajwa kila baada ya dakika chache, akaupeleka bure kwa makondakta wa matatu za njia ya 46, kwa tumaini kwamba abiria atauliza ni nani huyo. Huitwa pia kwenye disko matanga, ambapo majirani, wengi wao watu wa Magharibi ya Kenya, huwasha spika usiku ili wachange nauli ya kumsafirisha maiti nyumbani. Machifu huzikataza, na ni kweli kwamba watoto wamedhuriwa katika mikesha hiyo, nami siwezi kuitetea palipo na mtoto. Lakini maiti naye hana budi kufika kwao, na jenereta, spika na DJ ndivyo vilivyopatikana.

Sheria za zama zetu zimeandikwa kwa lugha ya afya na utulivu. Kanuni za kelele za mwaka 2009 ziliweka kipimo cha desibeli 35 usiku katika makazi. Sheria ya vileo ya 2010, iitwayo na watu sheria ya Mututho, iliamuru baa za kawaida zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na zifungwe saa tano usiku. Na Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alikataza leseni za klabu za usiku katika mitaa ya makazi. Mama wa Kilimani mwenye mtoto mchanga, ambaye dirisha lake hutetemeka hadi alfajiri, ana haki kamili, na klabu nyingi zilimdharau muda mrefu mno. Neno langu ni moja: askari wanapoingia, mwenye leseni hayupo, na kinachobebwa kwenda kituoni mara nyingi ni vyombo vya DJ, vya kukopa au vya kukodi.

Mwaka 2020 ulikuwa mzito kuliko yote. Tarehe 17 Januari, Felix Orinda, ajulikanaye kama DJ Evolve, alipigwa risasi ya shingo akiwa ndani ya klabu ya Kilimani, akalazwa hospitalini miezi mingi. Machi ikaja korona: baa zikafungwa, amri ya kutotoka nje ikaanza tarehe 27, na ingawa milango ilifunguliwa mwishoni mwa Septemba, ikafungwa tena Nairobi Machi 2021, na amri yenyewe haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba mwaka huo. Wenye majina walipiga muziki mtandaoni kutoka vyumbani mwao na wakapata wafadhili. Wasio na majina waliuza mashine, na baadhi walishika bodaboda.

Waliorudi wamerudi na sharti: nusu ya malipo kabla ya kuwasha mashine, na saa za kuanza na kumaliza ziandikwe. Klabu kubwa za Kilimani zimeanza kulikubali, kwa DJ ambaye jina lake linajaza ukumbi. Kijana wa Kawangware akilitaja, meneja humwonyesha wengine watatu wanaongoja kwenye benchi, kila mmoja na kompyuta yake mapajani.