Orijino, halisi au asilia?

Gerejini, neno "orijino" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Fundi akikuambia spea ni orijino, ana maana si feki, basi. Kwa anayefufua Mercedes-Benz 230 SL ya mwaka 1963, hilo halitoshi. Taa iliyotengenezwa na kampuni yenyewe juzijuzi ni halisi. Taa iliyotoka kiwandani pamoja na gari lile, kioo chake kimeshaingia mikwaruzo ya miaka 60, hiyo ni asilia. Hata rangi: kijivu cha fedha chenye namba DB 180 kikipigwa upya leo ni rangi ileile, lakini si koti la kwanza.

Asilia limetokana na asili, yaani chanzo, shina la kitu; ndiyo maana nalipenda. Tofauti hiyo huonekana Ujerumani: tangu 1997, gari lililotimiza miaka 30 na kutunzwa karibu na lilivyotoka kiwandani huweza kupewa namba ya usajili inayoishia na herufi H, ya historisch, la kihistoria. Spea halisi hukubaliwa huko hata isipokuwa asilia.

Waandishi wenzangu wa magari, orijino tuwaachie mafundi. Sisi tuandike halisi au asilia, kila moja mahali pake.