Jetoni ni ngapi leo? Historia ya kodi ya soko kwetu Kivu



Katika mikutano ya vikundi vya akiba kuna swali linalorudi kila mara, hata kama halikuandikwa kwenye ajenda: jetoni ya soko ni ngapi sasa? Mmoja anasema 500, mwingine 1.000, wa tatu anasema alilipa mara mbili asubuhi moja, kwa watu wawili tofauti. Wafadhili nao wanatuuliza kwa nini mtaji mdogo wa mama muuza ndagala unapungua hata pale anapouza vizuri. Kwetu hayo ni swali moja. Tumeamua kulijibu kwa njia ya historia, juu wengi kati yetu tuliondoka 1996 ao 1998, tukakaa Lugufu ao Nyarugusu miaka mingi, na tuliporudi tukafikiri kwamba fujo hii ya viwango imeletwa na vita. Vita viliiongeza, lakini fujo yenyewe ina umri kuliko wazee wetu wote.

Kodi ya kwanza ya Leta katika Kongo ya mfalme Leopold haikuwa hata na bei ya franka. Watu walilipa kwa mpira, kwa chakula, kwa kubeba mizigo. Amri ya tarehe 18 Novemba 1903 ilisema kila mtu mzima atatoa saa 40 za kazi kwa mwezi. Kwenye karatasi ni kiwango kimoja, safi, kwa inchi yote. Lakini nani alikuwa na saa mkononi? Kilo ngapi za mpira ni saa 40, aliyeamua ni agenti aliyesimama na mizani. Kijiji hiki kiliambiwa hivi, kile kikaambiwa vingine. Tuweke alama hapo: kiwango kiko kwenye karatasi ya mbali, kipimo kiko mkononi mwa anayetoza. Jambo hilo tutalikuta tena na tena.

Wabelgiji walipochukua koloni waliona kwamba franka ni afadhali kuliko mpira. Kuanzia amri za mwaka 1910, kisha ile ya 1914, kila mwanaume mzima alilipa kodi ya kichwa, na mwenye bibi zaidi ya mmoja aliongezewa. Kiwango hakikuwa kimoja: kilipangwa kwa kila eneo, na kiliweza kubadilika. Anayevuka kutoka teritware moja kwenda nyingine aliweza kukuta bei nyingine. Tena kodi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kujaza sanduku tu. Ilikuwa fimbo ya kusukuma watu waende migodini, kwenye mashamba ya wazungu, ao walime pamba, kama ilivyofanyika katika bonde la Ruzizi. Asiye na franka hana njia ila kuitafuta kwa mwenye nayo.

Jetoni yetu ya soko ina mzizi katika amri nyingine, ya tarehe 5 Desemba 1933. Ndiyo iliyozipanga upya zile chefferi na sekta, na kuzipa kila moja sanduku lake la feza. Hapo mwami na chifu wa sekta wakapewa kazi mbili kwa wakati mmoja: kutafutia Leta kodi yake, na kutafuta feza za kuendesha ofisi yao wenyewe. Sanduku hilo lilipaswa kulipa makarani, tribinali na kazi ndogo za mahali. Likajazwa na nyongeza juu ya kodi ya kichwa na malipo madogo-madogo ya huduma. Soko ni mahali ambapo watu wote wanapita na feza kidogo mkononi, siku inayojulikana, saa inayojulikana. Kwa mtu anayetafuta feza ya ofisi, hakuna shamba zuri kuliko hilo.

Watu hawakulipa kimya siku zote. Ng'ambo ya pili ya ziwa, Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, serikali ya Wabelgiji iliweka kodi juu ya wamama wanaoishi peke yao mjini: wajane, walioachwa, wasioolewa. Katika miaka ya 1950 wamama Waislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambao wengi wetu tunaujua, waliikataa. Kwao haikuwa habari ya feza tu. Kodi ile iliwaita malaya bila kutamka neno, na mjane mwenye heshima zake hakukubali kununua aibu kwa risiti.

Kisha ikaja Zaire. Kodi ya kichwa ikabadilishwa jina, ikaitwa mchango wa chini wa kila mtu, ile CPM ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa sababu moja: bila karatasi yake, bariere haifunguki. Mishahara ya maofisa wa mahali ilikuwa inachelewa ao haifiki, na kila collectivité ikajitafutia. Hapo ndipo habari ya Buloho inapoingia, na tunapenda kila mwanachama aijue, hasa wamama.

Buloho iko Kalehe, kwenye milima ya Watembo, katika Kivu yetu ya Kusini ya leo. Mihogo kule ilikuwa kazi ya wamama, toka kupanda na kulowesha mpaka kutwanga unga na kuubeba mgongoni kwenda kuuza. Kati ya shamba na soko, muhogo ule ule ulitozwa zaidi ya mara moja, na kila mtozaji alikuwa na jina lake la kodi. Mwaka 1982 wamama wakachoka. Hawakushika mapanga, hawakuchoma ofisi. Walisimama pamoja mbele ya wakubwa wa mahali, wakapinga zile kodi moja moja. Mtafiti Catharine Newbury aliandika juu yao mwaka 1984, na kichwa cha makala yake alikichukua katika kitembo, maneno yenye maana ya utumwa wa mihogo. Sisi tunachokiona katika habari hii ni kwamba walijua hesabu. Anayelalamika kwamba “kodi ni mingi” anajibiwa haraka. Anayesema nililipa hapa, na pale, na pale tena, kwa mzigo mmoja, huyo anasumbua.

Miaka ya 1990 hata hesabu hiyo ilipotea, juu feza yenyewe ilikufa. Mwaka 1993 zaire 3.000.000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikawa franka 1 ya Kongo. Katika hali ile nani angeweka kiwango cha jetoni na kukifuata mwaka mzima? Mtozaji alisema bei ya siku, kama muuzaji wa nyanya. Wazazi wetu wakazoea kuibembeleza kodi kama wanavyobembeleza bei ya kitambaa, na mazoea hayo hayakuondoka zaire ilipoondoka.

Wakati wa vita, pwani ilikuwa na watozaji wake na milima ilikuwa na wa kwake. Risiti ya huyu haikutambuliwa na yule. Mahali pengine Kivu walibuni hata jina tamu, “lala salama”, kwa feza ambazo nyumba inatoa ili isishambuliwe. Hiyo tusiiite kodi. Lakini kwa mama aliyetoa, franka iliyotoka ni franka iliyotoka.

Wale tuliokuwa Kigoma tuliona kitu kingine. Mwaka 2003 serikali ya Tanzania ilifuta kodi ya maendeleo, ambayo ni mtoto wa kodi ya kichwa, pamoja na ushuru mdogo-mdogo mwingi ambao wenyewe waliuita kodi za kero. Kwa hiyo meli zilipoanza kuturudisha Baraka kuanzia 2005, wengi tulishuka na wazo kwamba kodi ya kusumbua ni kitu kinachoweza kufutwa kwa tangazo moja. Tukakuta kinyume. Hesabu iliyotolewa mwishoni mwa 2017 na watafiti wa IPIS ilikuta bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, za jeshi, za vikundi vyenye silaha, na za ofisi za Leta. Ripoti yao ilipewa jina linalosema kwamba kila kinachotembea kitatozwa. Mwenye kinga yenye gunia mbili za mihogo hakuhitaji kuisoma.

Na sheria je? Sheria iko, tena nzuri. Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria. Kifungu cha 175 kinaipa provensi 40% ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake, na sehemu ya feza hizo inapaswa kushuka mpaka kwenye miji, sekta na chefferi. Sheria za 2008 zikapanga ugawaji wa madaraka. Maagizo ya 2013, kisha ya Machi 2018, yakaandika orodha ya kodi ambazo provensi na sekta zinaruhusiwa kutoza. Viwango vyenyewe vinawekwa mahali, na provensi ina édit zake.

Shida ni kwamba ile 40% haifiki kama ilivyoandikwa. Sekta inabaki na ofisi, wafanyakazi na soko. Kila huduma inapewa kiasi cha kuleta kwa mwaka, kile wanachoita assignation. Mtozaji wa chini mara nyingi hana mshahara wa kueleweka, na juu yake kuna mkubwa anayengoja raporti ya jioni. Ukijua hayo, hutashangaa kwamba bei ya jetoni inapanda mwisho wa mwezi ao kabla ya sikukuu. Tusimchukie kijana mwenye kitabu cha jetoni. Mara nyingi naye ni mtoto wa mrudi kama sisi. Ila kumwelewa si sababu ya kumlipa mara mbili.

Kuna tena njia ya kimya ambayo wengi hawaioni. Kodi nyingi kwenye orodha za provensi zimepangwa kwa dola, zinalipwa kwa franka. Mwaka 2013 dola 1 ilikuwa franka 900 na kidogo. Mwaka 2024 ilipita 2.700. Kiwango hakikuguswa na mtu yeyote, hakuna mkutano uliofanyika, na mama akawa analipa franka mara tatu.

Linganisha na TVA, kodi kubwa ya taifa. Ilianza tarehe 1 Januari 2012, kwa 16%, mahali pa ile ICA ya zamani. Mwanzo wake ulikuwa na kelele: wafanyabiashara wengi waliiongeza juu ya bei ambazo tayari zilikuwa na ICA ndani, vitu vikapanda, serikali ikalazimika kuisimamisha kwa muda kwenye bidhaa kadhaa za lazima. Lakini ile 16% mpaka leo ndiyo kiwango cha kawaida, na inajulikana Kinshasa kama inavyojulikana Uvira. Mama wetu wa soko hatozi TVA, juu inawahusu wenye mauzo ya franka 80.000.000 kwa mwaka na zaidi. Anailipa tu ndani ya bei ya sabuni anayonunua. Kwa maoni yetu hapo ndipo pana ajabu: kodi kubwa inayosimamiwa kutoka mbali imetulia, na ile ndogo ya nyumbani, ambayo chifu wa sekta angeweza kuiandika kwa chokaa kwenye ukuta wa soko, ndiyo inayorukaruka.

Tuhesabu kwa mfano tu. Mama ana ndagala za franka 100.000, na siku ya soko anapata faida ya 8.000. Jetoni ni 500, ya usafi 500, bariere 1.000 kwenda na 1.000 kurudi. Jumla 3.000. Mtozaji atasema hiyo ni 3% ya mali, kidogo sana. Kwa mama ni zaidi ya theluthi ya faida. Hicho ndicho wafadhili wetu wanachokiona kwenye vitabu vya mikopo bila kukijua jina.

Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao kila kikundi kitapewa daftari moja. Andikeni tarehe, soko ao bariere, kiasi, jina la kodi kama lilivyotamkwa, na kama jetoni ilitolewa ao hapana. Majina ya watozaji musiandike, hatutaki kuletea mtu matata. Jetoni zenyewe zihifadhiwe kwenye bahasha, hata zilizochanika. Kamati itaomba kwa barua, kwenye ofisi ya sekta na ya mji, nakala ya orodha ya viwango vinavyotumika mwaka huu. Baada ya miezi mitatu tutaweka daftari zetu na orodha yao juu ya meza moja. Wasiojua kuandika wamwambie mtoto wa shule jioni ile ile, kabla ya kusahau, na vikundi vya njia ya milimani, ambako jetoni haitolewi kabisa, vitie alama ya msalaba tu kwa kila mara mtu alipolipa.