Polio ya 1946 na somo la neva

Hopkins ni mji mdogo wa jimbo la Minnesota, kusini-magharibi mwa Minneapolis. Ulikua kutokana na kiwanda cha mashine za kupuria nafaka kilichoanzishwa mwaka 1887, na hadi 1928 uliitwa West Minneapolis. Wakulima wake walisifika kwa rasiberi, tunda ambalo sherehe yake ilianza 1935. Tramu iliuunganisha na jiji kubwa, na wilaya ni moja, Hennepin. Msiba wowote wa Minneapolis haukuweza kuishia njiani.

Kiangazi cha 1946 msiba huo ulikuwa polio. Katika jimbo zima waliougua walizidi 2,000, wengi wao watoto, na waliokufa walizidi 200. Wazazi waliwafungia watoto ndani, wakawazuia wasiende kuogelea. Mwishoni mwa kiangazi hata maonyesho makubwa ya kilimo ya jimbo yalifutwa. Mama alimlaza mtoto jioni akiwa na homa kidogo na shingo iliyokaza, na asubuhi mguu haukunyanyuka.

Virusi vya polio huingia kwa mdomo na kuzaliana kwenye utumbo. Wengi wanaoambukizwa hawapati chochote, au hupata homa inayopita. Kwa mmoja hivi kati ya 200, virusi hupenya hadi kwenye ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo, na huko hushambulia aina moja ya chembe: zile zinazoamuru misuli. Chembe hizo ziko upande wa mbele wa ugwe. Kila moja hutoa uzi mwembamba kuliko unywele, na uzi wa mguu wa mtu mzima unaweza kufika urefu wa mita moja, kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo. Amri hupita humo kwa umeme, na uzi unapokutana na msuli, kemikali huipokea amri hiyo na kuivusha. Chembe ikifa, nyuzinyuzi za msuli ilizokuwa ikiziamuru, pengine mamia, hubaki hazina wa kuziamsha, kisha husinyaa.

Neva zinazoleta habari kutoka kwenye ngozi zina chembe zao mahali pengine, nazo polio huziacha. Ndiyo maana mtoto aliyepooza alihisi kila kitu: baridi ya shuka, mkono wa mama, na maumivu makali ya misuli iliyokakamaa. Nadhani huo ndio ukatili mkubwa wa ugonjwa huu.

Kwa miaka mingi tiba ya hospitali za Marekani ilikuwa kuvifunga viungo kwa plasta na vibao, wakati mwingine kwa miezi, ili visipinde. Mwaka 1940 alifika mwanamke kutoka Australia aliyepinga jambo hilo kwa nguvu zake zote. Elizabeth Kenny alizaliwa 1880. Aliwahudumia wagonjwa wa mashambani bila kupita chuo cha uuguzi, na cheo cha Sister alikipata jeshini katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuwa mtawa, ingawa wengi walidhani hivyo. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mwaka 1911 alimkuta msichana amekunjamana kwa maumivu, akampelekea simu ya maandishi daktari Aeneas McDonnell, naye akamjibu atibu dalili anazoziona. Akachana blanketi la sufu, akalichovya kwenye maji ya moto, akalikamua na kuizungushia misuli.

Miji mingine ya Marekani haikumpa nafasi. Minneapolis ilimpa. Madaktari Wallace Cole, Miland Knapp na John Pohl walimwachia wagonjwa, wakamtazama kwa makini, wakaona misuli inalegea na maumivu yanapungua. Baada ya vitambaa vya moto lilifuata zoezi la subira: mgonjwa alielekeza fikra zake kwenye msuli mmoja, akajua unaanzia wapi na unashika wapi, kisha akajaribu kuuamsha, huku mkono wa mhudumu ukiuongoza mguu. Tarehe 17 Desemba 1942 taasisi yenye jina la Kenny ilifunguliwa jijini humo.

Maelezo yake kuhusu ugonjwa hayakuwa sahihi. Alisisitiza kwamba shida imo kwenye misuli na kwamba akili imeusahau msuli, ilhali chembe zilizokuwa zimekufa zilionekana wazi kwa hadubini. Mwaka 1944 kamati ya madaktari ilimkosoa vikali katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Lakini mikono yake ilikuwa imegusa ukweli ambao maneno yake hayakuufikia. Chembe ya neva iliyokufa hairudi, ila zilizonusurika jirani yake huchipua matawi mapya na kuzichukua nyuzinyuzi za msuli zilizoachwa yatima. Mguu uliofungwa plasta miezi mingi ulinyimwa nafasi ya kufaidika na kazi hiyo.

Janga la 1946 lilifundisha jambo la pili, zito zaidi, kuhusu pumzi. Daktari wa neva A. B. Baker wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake waliwachunguza wagonjwa ambao virusi vilipanda hadi kwenye shina la ubongo, kisha wakachunguza ubongo wa waliofariki, wakilinganisha chembe zilizoharibika na dalili alizokuwa nazo mtu akiwa hai. Walionyesha kwamba kushindwa kupumua si jambo moja. Kuna aliyepoteza neva za kifua na kiwambo cha kupumulia. Huyo mashine kubwa ya chuma, iliyofunika mwili mzima hadi shingoni, iliweza kumwokoa. Kuna aliyeshindwa kumeza, akazama katika mate yake mwenyewe, na mashine hiyo ilimvutia mate hayo mapafuni. Kwake nusura ilikuwa kutobolewa koo haraka. Na kuna ambaye kitovu chenyewe cha kuendesha pumzi kilivurugika, akapumua bila mpangilio. Kuwatofautisha kitandani kulikuwa kuokoa maisha. Mwaka 1948 Baker aliongoza kuundwa kwa chama cha kitaaluma cha madaktari wa neva wa Marekani, ambacho makao yake yako Minneapolis hadi leo.

Chanjo ya Jonas Salk ilitangazwa kufaulu tarehe 12 Aprili 1955, na wodi zikaanza kuwa tupu. Kwetu Afrika Mashariki safari ilichukua muda zaidi. Mwaka 2013 polio ilizuka Somalia na kufika kambi za Dadaab nchini Kenya. Agosti 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa imeondokana na virusi vya asili, lakini aina inayotokana na chanjo ya matone, ambayo huenea pale watoto wengi wanapokosa chanjo, ilionekana Rukwa nchini Tanzania mwaka 2023. Minnesota nayo ilikutana na virusi vya aina hiyo mwaka 2005, kwa watoto wa jamii ya Kikristo ya Waamishi ambao hawakuwa wamechanjwa. Familia za Kisomali zinazoishi sasa Hopkins na vitongoji jirani zinazo habari za pande zote mbili za bahari.

Taasisi ya Kenny iliungana mwaka 2013 na kituo cha Courage cha Golden Valley, kaskazini mwa Hopkins. Lakini habari ya polio haikuishia hapo. Kwa miongo kadhaa madaktari wa tiba ya viungo wamekutana na watu waliougua utotoni, wakapona na kutembea, kisha wakaanza kudhoofika tena uzeeni. Inadhaniwa kwamba zile chembe zilizobeba mzigo wa wenzake huchakaa kwa kazi ya ziada. Utotoni watu hao walihimizwa wajikaze hadi hatua ya mwisho. Sasa wanashauriwa kupumzika kabla hawajachoka, kupunguza ngazi, na kuirudia fimbo waliyoiacha zamani kwa fahari.