Jirani Akisema Njia ni Hii

Juma lililopita tulieleza jinsi habari zinavyokatwa vipande vipande ili zisafiri katika intaneti. Leo twauliza: ni nani akionyeshaye kila kipande njia yake?

Fundi aweza kuandika njia kwa mkono, moja moja, na kwa ofisi yenye mitambo miwili yatosha. Lakini mtandao wa ARPANET, ulioanza Marekani mwaka 1969, uliiachia mitambo yenyewe kazi hiyo. Kila mtambo uliuambia mtambo jirani njia uzijuazo. Waya ukikatika, ulitafutwa mzunguko mwingine pasipo kumwamsha fundi. Mwaka 1988 desturi moja ya namna hiyo, jina lake RIP, iliandikwa rasmi. Kila sekunde 30 mtambo hutangaza njia zake zote. RIP ile ya kwanza haikuwa na neno la siri: aliyesema, aliaminiwa.

Januari 1989, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM walikutana Austin, Texas, wakaandika mpango wa BGP juu ya karatasi za kufutia mikono mezani. Mpango huo ndio uunganishao mitandao ya dunia hata leo. Wenye mitandao siku zile walikuwa wachache, wakijuana. Nani angeweka bawabu baina ya marafiki?

Basi sikilizeni yaliyotokea tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan ilikuwa imeamuru YouTube izuiwe nchini. Shirika la simu, Pakistan Telecom, likatengeneza njia inayoishia shimoni, ili watu wake wasifike. Njia hiyo ilipaswa kubaki nyumbani. Badala yake, saa 3:47 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ilitangazwa kwa PCCW, kampuni ya Hong Kong iliyowaunganisha na dunia; nayo ikaipokea bila kuichuja, ikaitangaza kwa wengine.

Kwa nini dunia ilisadiki? YouTube yenyewe ilitangaza anwani 1,024 kwa pamoja; Pakistan ilitangaza 256 tu kati ya hizo. Mmoja akikuambia, “Naujua mtaa ule,” na mwingine, “Naijua nyumba yenyewe,” utamfuata wa pili. Mitambo hufanya vivyo hivyo. Saa 5:07 YouTube nayo ikatangaza zile 256; saa 5:18 ikazigawa mafungu mawili ya 128, ili neno lake liwe mahususi zaidi. Saa 6:01 PCCW ikaziondoa njia za Pakistan Telecom, na mambo yakatengemaa.

Haya yamhusu sana fundi wa fayawoli, yaani mtambo wa ulinzi ukaao mlangoni pa mtandao wa benki au hospitali. Fayawoli nyingi hujifunza njia kwa BGP na kuzitangaza. Fundi mvivu huruhusu zote zipite, na huenda miaka ikapita salama. Ajuaye kazi humtaja jirani kwa anwani yake na kwa nambari ya mtandao wake, wakapatana neno la siri.

Walakini neno la siri lamtambulisha msemaji tu, halithibitishi asemayo. Usiku ule lisingefaa kitu, maana Hong Kong ilizungumza na jirani wa kweli. Kilichokosekana ni orodha. Ziandikwe mbili: njia utakazozipokea na njia utakazozitangaza, na nyingine zote zikataliwe. Kadhalika kiwekwe kikomo cha idadi ya njia zitokazo kwa jirani mmoja. Mimi ningeanza na orodha ya kutangaza, kwa sababu kosa la Pakistan lilitoka ndani.

Kazi ya juma hili: choreni ofisi yenye fayawoli moja na majirani wawili, mwandike orodha mbili kwa kila jirani. Juma lijalo tutazungumza juu ya OSPF. Kwaherini.